Kadi Mpya ya Corbin

Marlys Engebretson aliingia kwenye jumba la michezo la chuo akiwa mgawa taulo. Alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na mumewe Verlyn alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa na halmashauri kuendesha gari la kusukuma theluji. Siku hizo mlangoni alikaa mzee mmoja mwenye kifua kibovu, aliyekuwa akitazama vitambulisho bila kuviona. Mzee alipostaafu zikaletwa kadi za sumaku na mashine ya kuzisoma, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukisoma kitabu cha maelekezo, Marlys akakichukua akakisomea nyumbani huku akinyonyesha. Basi kazi ikawa yake. Mashine zikabadilika, kadi zikabadilika, programu za kompyuta zikaja na kuondoka, na kila kilipoletwa kipya, Marlys ndiye aliyeitwa.

Wenzake walimwita Mama Milango. Alikuwa na chumba kisicho na dirisha nyuma ya kaunta ya mapokezi, na humo ndani alisimamia mageti ya kuingilia, milango ya bwawa, ya vyumba vya kubadilishia nguo na ya ukumbi wa vyuma, pamoja na makabati, ratiba za madarasa ya mazoezi na majina ya maelfu ya wanafunzi waliokuwa na haki ya kupita. Mtu akigusisha kadi getini, taa huwaka kijani au nyekundu, na picha yake hutokea kwenye kioo cha kompyuta. Marlys alikuwa akisema, nusu kwa utani, kwamba anawajua watu wa chuo kile kwa nyuso zao mbaya, kwa kuwa hakuna anayependeza kwenye picha ya kitambulisho.

Mwezi wa Novemba, theluji ya kwanza ikiwa imeshashika ardhi, msichana mmoja alibisha hodi kwenye chumba hicho. Aliitwa Joelle Pruitt, mwaka wa tatu, mrefu, mabega mapana ya mtu wa kuogelea. Alikuwa na amri ya mahakama inayomkataza kijana anayeitwa Corbin Lindahl kumkaribia. Walikuwa wapenzi, akamwacha, na Corbin hakukubali kuachwa. Alikuwa akimsubiri nje ya madarasa, nje ya bweni, mara moja ndani ya gari lake mwenyewe Joelle, kiti cha nyuma.

"Polisi wa chuo wameniambia nije kwako," alisema. "Wanasema wewe ndiye unayeweza kumfungia hapa."

"Naweza. Keti, mwanangu."

"Sehemu nyingine nageuka nageuka, naangalia nyuma. Lakini nikiwa majini sioni nani anaingia."

Marlys akafungua ukurasa wa Corbin. Kijana mwenye nywele za rangi ya majani makavu, akitabasamu vizuri kuliko wengi. Akamfungia palepale, Joelle akitazama.

"Hapiti," akamwambia. "Labda apite juu ya maiti yangu."

Joelle akacheka kidogo. Kuanzia wiki ile akarudi majini, Jumanne na Alhamisi alasiri, njia ya mwisho karibu na ukuta.

Krismasi, wanafunzi walipokuwa makwao, chuo kilileta programu mpya ya kusimamia mageti. Marlys alitumia likizo yake yote kuhamisha majina kutoka ile ya zamani. Waliofungiwa walikuwa wachache, na aliwahamisha kwa mkono wake, mmoja mmoja. Ili ajiridhishe, alikwenda mpaka getini akajaribu namba ya kadi ya Corbin. Taa nyekundu. Akarudi nyumbani akamwambia Verlyn kwamba sasa anaweza kulala.

Muhula ulipoanza Januari, jumba lilijaa kama kawaida ya mwaka mpya, kila mtu na ahadi zake za kupunguza tumbo. Alhamisi ya pili, baridi ya kuganda mate nje, Marlys alikuwa akipasha moto viazi na nyama alivyoleta kwa chakula cha mchana akachelewa kuvila. Mai Yer, msimamizi wa zamu kaunta, akaingiza kichwa mlangoni. Alikuwa binti wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia, wa mwaka wa mwisho, mdogo wa mwili, mwenye maneno.

"Mama Milango, geti lako limelala usingizi. Yule jamaa aliyempiga mwenzake ngumi kwenye kikapu yuko ndani anarusha mpira."

"Amefungiwa mpaka Machi."

"Mwambie hivyo. Nimemuuliza, ananicheka. Anasema alipoteza kadi, ofisi ya kadi ikampa mpya, akagusisha, kijani."

Marlys akaacha uma mezani. Akafungua ukurasa wa kijana wa kikapu na kuutazama kwa muda. Kizuizi kilikuwepo. Lakini kilikuwa kimeshikamana na kadi ya zamani. Programu ya zamani ilikuwa ikimfungia mtu. Hii mpya ilifunga kadi, na mwenye kadi akipewa nyingine, anakuwa mtu safi kama aliyezaliwa jana.

Akaandika jina la Corbin Lindahl.

Picha ikaja, lile tabasamu. Pembeni yake kidoto cha kijani. Kadi mpya. Yuko ndani.

"Leo ni Alhamisi," Marlys alisema.

"Ndiyo. Kwani kuna nini?"

"Joelle yuko bwawani?"

Mai Yer alimjua Joelle, kila mtu wa kaunta alimjua, na picha ya Corbin walionyeshwa tangu Novemba. Lakini alasiri ya Januari watu hupita getini kwa mafungu, kofia zimefunika macho, skafu mpaka puani, na nani angetazama kioo wakati taa inasema kijani. Akaja nyuma ya kiti cha Marlys akaiona picha. "Yuko," akasema.

Marlys akapiga polisi. Sauti ya mwanamke ikamwambia kuna magari yamegongana kwenye barafu upande wa pili wa mto, maafande wote wako huko, mmoja ataanza kuja sasa hivi, wasimsogelee mtu huyo. Huku akisikiliza, alikuwa akifungua kamera moja baada ya nyingine. Ukumbi wa vyuma, hayupo. Ngazi, hayupo. Ghorofa ya pili kuna njia ya kutembea inayozunguka jumba, na upande mmoja ina ukuta wa kioo unaotazama bwawa chini. Hapo ndipo alipokuwa. Alisimama na koti lake, mikono mfukoni, paji la uso karibu liguse kioo. Watu walikuwa wakimpita wakifanya mazoezi yao. Chini yake, njia ya mwisho karibu na ukuta, mtu mwenye kofia ya bluu alikuwa akienda na kurudi, uso majini.

Akampigia mkurugenzi wake, Todd Haverkamp, aliyekuwa ghorofani akiwatembeza wazazi wa wanafunzi watarajiwa.

"Todd, nataka kufunga milango yote ya ndani."

"Subiri, subiri. Yote? Nina watu arobaini hapa na makoti yao. Amefanya nini?"

"Anamtazama."

"Polisi wanakuja?"

"Wanakuja. Hawajafika."

"Basi tusiwashe moto wenyewe, Marlys. Ukifunga kila kitu, watu watataharuki na yeye atajua. Ngoja polisi."

Todd hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakikuwa cha kijinga. Marlys alilijua hilo. Akakata simu, akafunga milango ya bwawa na vyumba vya kubadilishia nguo tu, kadi yoyote isipite, akamkabidhi Mai Yer kiti.

"Wewe kaa hapa na redio. Asipotoka pale juu, nyamaza. Akitoka, niambie anakwenda wapi."

"Na wewe?"

"Nakwenda kumtoa majini."

Hakupita mlango wa mbele wa bwawa. Alizunguka kwa chumba cha pampu, ambacho kina mlango mmoja wa nje ya jengo na mwingine unaotokea ukingoni mwa maji, akatembea taratibu kama anayekagua kitu. Hakuinua macho kwenye kioo, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia. Alipofika mwisho wa njia ya ukutani akachuchumaa, na magoti yakalia. Kofia ya bluu ilikuwa upande wa mbali, ikigeuka, ikianza kurudi. Alitamani kupiga kelele. Akasubiri mkono uguse ukuta, kisha akaushika.

Joelle akaibuka akitweta. "Marlys? Kuna nini?"

"Usitazame juu. Toka polepole, kama nimekuja kukuitia simu."

Msichana hakuuliza tena. Uso wake ulibadilika mara moja, na Marlys hakuwahi kuusahau ule uso, kwa sababu haukuwa na mshangao hata chembe. Akajinyanyua kutoka majini.

Redio ikakoroma kiunoni. "Ametoka kwenye kioo," Mai Yer alisema. "Anashuka ngazi. Anakimbia, Mama."

Wakaingia chumba cha pampu, mlango ukajifunga nyuma yao kwa kishindo cha sumaku. Mle ndani mlikuwa na joto na harufu kali ya klorini, na pampu zikinguruma. Marlys akavua sweta lake akamvisha.

"Yuko mlango wa bwawa," Mai Yer alisema redioni. "Anagusisha kadi. Nyekundu. Anarudia. Nyekundu." Redio ikakwaruza. "Aa, jamani. Jamani, babu wewe."

"Nini?"

"Kuna babu anatoka kuogelea. Amemshikilia mlango."

Sheria ya moto haina mjadala, hata mlango ukiuzuia usiingiwe, kwa anayetoka ni lazima ufunguke wenyewe. Na katika mji ule mtu akikuta mwenzake mlangoni humshikilia mlango, hata awe amebeba taulo na mifuko mikono yote miwili, na kumtakia siku njema. Mzee yule alifanya alichofundishwa na mama yake. Hakuna programu inayoweza kuzuia jambo hilo.

Wakasikia filimbi ya mlinzi wa bwawa, kisha viatu vikubwa vikichapa maji ukingoni, kisha ngumi mlangoni.

"Joelle." Sauti ilikuwa ya upole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Jo, najua uko humo. Nataka tuongee tu. Dakika mbili. Kwani kuongea ni kosa?"

Joelle alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Akatikisa kichwa.

"Nani huyo mwingine? Mama, hebu fungua. Haya ni mambo yetu mimi na yeye, hayakuhusu."

Ngumi zikaendelea, mlango ukatetemeka lakini haukusogea. Sumaku ile ingeweza kushika ng'ombe. Akaanza kuamini kwamba watakaa pale mpaka polisi wafike.

Halafu ngumi zikakoma.

Ukimya ule ulimtisha kuliko kelele. Akawaza Corbin anatazama nini sasa. Na kwa kuwa kila swichi, waya na kitasa cha jengo lile alikijua, akaona alichokuwa akikitazama Corbin kama vile yeye mwenyewe amesimama pale: kulia kwa mlango, usawa wa kifua, mkono mwekundu wa king'ora cha moto. Ukivutwa, sumaku zote za jumba huachia kwa pamoja, ili asife mtu ndani. Yeye ndiye aliyehakiki hilo kila mwaka na watu wa zima moto.

"Simama," alimwambia Joelle. "Tunatoka nje."

"Niko na nguo ya kuogelea."

Kwenye msumari lilining'inia ovaroli la fundi, na chini yake buti zake za mpira. Joelle akaingiza miguu iliyolowa, vifungo akaviacha. Marlys akasukuma mlango wa nje, na baridi ikawapiga usoni kama ubao. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Gari lake lilikuwa nyuma ya jengo, limechomekwa kwenye umeme wa ukutani ili injini isigande. Walikuwa wamefika nusu ya njia, Joelle akiteleza ndani ya buti za mtu mwingine, king'ora kilipoanza kulia na taa nyeupe zikaanza kumweka madirishani kote.

Marlys akalipekua rundo la funguo kiunoni. Ya chumba cha pampu. Ya seva. Ya nyumbani. Ya gari. Wakaingia, wakafunga, na mlango wa chumba cha pampu ukafunguka nyuma yao.

Corbin alikuja mpaka dirishani. Hakuwa na haraka tena. Akaweka kiganja chake kwenye kioo upande wa Joelle, akasema kitu ambacho hawakukisikia kwa king'ora. Joelle akatazama mbele. Marlys akatia gia akaondoka na waya wa umeme ukang'oka ukutani, ukawafuata ukiruka ruka kwenye theluji.

Polisi hawakuwa wamefika. Waliofika kwanza ni zima moto, kwa kuwa kituo chao kiko jirani na chuo. Marlys akalisimamisha gari lake katikati ya njia, mbele ya gari lao kubwa, akashuka mikono juu. Mkuu wao, mwanamke mnene, pumzi imeganda kwenye skafu yake kama masharubu, akateremka akiwa amekasirika.

"Mama, ondoa gari. Kuna moto?"

"Hakuna moto. Kuna mtu anamfukuza huyu mtoto."

Mkuu akamtazama Joelle ndani ya ovaroli, midomo ya bluu. Hakuuliza la pili. Akambeba mzima mzima akamweka kwenye gari la zima moto, akafunga mlango, akasimama mbele yake.

Upande wa mbele wa jumba, mamia ya watu walikuwa wamemwagika nje na kaptula na fulana, wakirukaruka kwa baridi, na wale wazazi aliokuwa akiwatembeza Todd katikati yao. Corbin alizunguka jengo akajichanganya nao. Angeweza kuondoka. Alikuwa na koti, ndiye kijana pekee aliyevaa vizuri. Na hiyo ndiyo iliyomfanya Mai Yer amwone, naye alikuwa ametoka na furushi la taulo anawagawia watu.

Akamsogelea.

"Kaka, viatu vimelowa hivyo utakatwa vidole. Chukua taulo."

"Niko sawa."

"Huko sawa, nakuona. Bibi yangu alipoteza kidole hivi hivi. Keti hapo kwenye ngazi uvue, nikuletee soksi kavu."

Akaendelea kumsemesha, kuhusu soksi, kuhusu bibi yake, kuhusu mtihani wa takwimu, na Corbin, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha ukarimu siku nyingi, akaketi. Alikuwa anafungua kamba za kiatu cha pili afande alipofika nyuma yake. Hakupigana. Alimtazama Mai Yer akamuuliza, "Na wewe pia?"

Todd alimkuta Marlys ndani ya gari lake, injini inaunguruma, waya wake bado umelala kwenye theluji. Alikuwa amekuja kufoka. Watu mia kadhaa barafuni, mzee mmoja ameteleza akaumia nyonga. Akafungua mlango, akamwona, akaketi kiti cha pembeni.

"Nilikwambia ungoje," alisema.

"Uliniambia."

"Ungengoja ingekuwaje?"

"Sijui, Todd. Wala wewe hujui."

Palikuwa na uchunguzi. Waliomhoji walitaka kujua kwa nini kizuizi kilishindwa, na Marlys akawaeleza bila kujificha nyuma ya programu: alijaribu kadi ya zamani, hakufikiria kadi mpya. Kampuni iliyouza programu ikajibu kwamba inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Marekebisho yalichukua mpaka karibu na Pasaka, na kwa wiki zote hizo Marlys alihamishia kiti chake getini alasiri, akitazama nyuso za wanaopita, akiwaomba wateremshe skafu. Walimlalamikia. Akawavumilia.

Joelle hakurudi bwawani. Siku chache baada ya tukio alikuja kurudisha sweta, limefuliwa na kukunjwa.

"Uliniambia hapiti," alisema. Hakusema kwa hasira.

"Nilikwambia hivyo. Nilikosea."

Joelle akatikisa kichwa, akaondoka. Marlys alimweleza Verlyn usiku huo kwamba afadhali Joelle angemtukana.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nne, matope yakiwa yamechukua nafasi ya theluji. Marlys alitoa ushahidi. Wakili wa Corbin alimuuliza kama ni kweli mfumo wake mwenyewe ulimruhusu mteja wake kuingia. Akasema ni kweli, taa ilikuwa ya kijani. Wakili akamuuliza kama mteja wake alimgusa mtu yeyote. Akasema hapana, aligusa mlango. Hakimu akampa Corbin kifungo cha miezi kadhaa na kumkataza kukanyaga chuoni. Corbin alilia. Mama yake naye, nyuma, alilia, na Marlys akageuza uso.

Nje, mvua ya rasharasha, Joelle alikuwa amesimama kwenye ngazi za mahakama akitafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa amekuja na rafiki, rafiki akaitwa kazini.

"Unaelekea chuoni?" Joelle akamuuliza Marlys.

"Naelekea kula kwanza. Sijatia kitu mdomoni tangu jana."

"Mimi pia."

Wakaenda kwenye mkahawa wa kona, wakaagiza supu, kisha pai ya tufaha, kisha kahawa, na mhudumu akawajazia vikombe bila kuombwa. Hawakuzungumzia Corbin. Joelle alisimulia habari za shangazi yake huko kusini anayefuga mbuni na kugombana nao kila asubuhi, na Marlys akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha mezani. Mvua ilipozidi wakaagiza pai nyingine.